Sato Anapokula Mashudu: Historia Fupi kwa Mwenye Bwawa Mkonze

Tuseme umechimba bwawa Mkonze, hapahapa Jiji la Dodoma. Maji unayanunua au unayavuta kisimani, vifaranga vya sato umeshawamwaga. Sasa utawalisha nini? Dagaa wa Ziwa Victoria wanatoka mbali, na pia ni kitoweo cha watu. Mashudu ya alizeti yapo jirani, maana Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti. Kabla hujapakia gunia, hebu turudi nyuma kidogo.

Ufugaji wa samaki Tanganyika ulianza kwa majaribio mwaka 1949, kwenye mabwawa ya perege ya Korogwe na Malya. Mfugaji wa kijijini alirusha pumba na majani, akaweka samadi ili mwani uote. Kwa samaki wachache ilitosha. Perege na sato wana tumbo lenye asidi kali na utumbo mrefu kuliko mwili wao mara kadhaa, kwa hiyo mimea si chakula kigeni kwao. Shida huanza ukitaka samaki wengi, wakubwa, kwa haraka. Hapo unahitaji protini, na kwa miaka mingi jibu la dunia lilikuwa unga wa samaki.

Mwaka 1972 uvuvi wa dagaa wa Peru uliporomoka wakati wa El Niño, na bei ya unga huo ikapaa. Watafiti wakageukia mimea. Mwaka 1982 Jackson, Capper na Matty walichapisha majaribio yao kwa perege wa Msumbiji: mashudu ya alizeti, pamba, karanga, nazi na soya, pamoja na majani ya lukina. Alizeti ilifanya vizuri. Lukina ilifeli.

Kwa nini mmea mmoja ukuze na mwingine udumaze? Kwa sababu samaki hahitaji "protini" kwa jumla, anahitaji asidi amino, kila moja kwa kiasi chake. Fikiria fundi mwenye matofali lundo lakini saruji kiduchu: ukuta utaishia pale saruji ilipoishia. Alizeti ina upungufu wa laisini. Laisini ikiisha, asidi amino nyingine haziwezi kujenga nyama, hivyo mwili unazichoma kama kuni. Naitrojeni yake inatokea kwenye matamvua kama amonia na kuingia kwenye maji yako, yaleyale uliyoyanunua! Umelipia chakula, halafu utalipia tena kubadilisha maji.

Dawa yake ni kuchanganya. Soya ina laisini ya kutosha lakini ina methionini kidogo, ambayo alizeti inayo zaidi. Zikikutana zinafichiana aibu. Ila soya mbichi usiitumie, ina vizuizi vinavyozima kimeng'enya cha kumeng'enya protini. Ikaange au ichemshe kwanza. Mashudu yenye maganda mengi nayo ni nyuzinyuzi tupu ambazo sato hazimeng'enyi, atazitoa kama mavi. Na fosforasi nyingi ya mbegu imefungwa ndani ya faiteti, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua.

Limebaki moja, na ndilo zito zaidi. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kula mashudu ya karanga kutoka Brazil. Miaka hiyohiyo Marekani, samaki aina ya trauti waliofugwa walipatikana na saratani ya ini, na chakula chao kilikuwa na mashudu ya pamba. Mkosaji alikuwa mmoja: sumukuvu, inayotengenezwa na ukungu. Sato ni mvumilivu kuliko trauti, lakini ini lake nalo huumia, na ukuaji hushuka. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kuhadithiwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

Kwa hiyo ukifika kwenye mashine ya kukamua, usiulize bei tu. Chukua mashudu mkononi. Angalia maganda, nusa, vunja bonge uone ndani. Yenye ukungu yaache hukohuko, hata ukipewa bure. Yaliyo mazima yaanike, yaweke juu ya chaga, mbali na sakafu yenye unyevu. Ukavu wa Dodoma, unaokunyima maji, kwa hili moja uko upande wako.