Pepopunda ya vichanga: kisiwa cha siku nane (Sehemu ya 3)

Mama zangu, jana niliwaahidi kisa cha St Kilda, kisiwa kidogo magharibi ya Uskoti. Karne ya 19, zaidi ya nusu ya vichanga wa pale walikufa. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya vizuri. Siku chache tu, taya linakaza, kunyonya hawezi tena, kisha mwili mzima unakakamaa. Waliuita ugonjwa wa siku nane. Wengi walisema ni mapenzi ya Mungu.

Mwaka 1889 Kitasato, daktari Mjapani, alifaulu kumwotesha mdudu wa pepopunda maabara. Mdudu huyu anakaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Akiingia kidondani, sumu yake hushika mishipa ya fahamu. Kwa kichanga, mlango ni kitovu.

Mchungaji wa kisiwa, Angus Fiddes, akaenda Glasgow kujifunza kuhudumia kitovu kwa usafi na dawa ya kuua vijidudu. Baada ya 1891 vifo vile vikakoma. Na chanjo ilikuwa bado!

Wewe unayo. Mjamzito, usikose sindano ya pepopunda kliniki. Kinga inamfikia mtoto tumboni. Kitovu kiwe kisafi, kikavu. Majivu, mate, samli, hapana. Mtoto akiacha kunyonya ghafla, usisubiri kesho, mkimbize hospitali.