Mfupa Umeshika au Haujashika?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya swali ambalo madaktari wa mifupa wanalo tangu mwaka 1911: mfupa uliopandikizwa mgongoni, umeshika au haujashika?

Mwaka huo, jijini New York, madaktari Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walianza kuziunganisha pingili za uti wa mgongo. Maradhi yaliyowasukuma ni kifua kikuu cha mgongo, kile kinachokula pingili na kumwacha mtoto na kibyongo. Hibbs alizichanja pingili zenyewe ili vipande vya mfupa vigusane na kuota pamoja. Albee alikata kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa akakipachika mgongoni, kama mkulima anavyobebesha mwembe. Lakini mkulima hungoja jani jipya. Daktari angoje nini?

Eksirei zilikuwapo tangu Röntgen alipozigundua mwaka 1895. Ila picha ya eksirei ni kivuli; ya mbele na ya nyuma yote hulaliana, na ufa mwembamba hujificha. Basi mgonjwa akaambiwa ainame, kisha ajipinde nyuma, ipimwe kama pingili zinacheza. Halafu vikaja vyuma. Paul Harrington wa Houston alitangaza fimbo zake mwaka 1962, na baadaye skrubu zikaenea. Chuma kikishika, pingili huweza kutulia hata kama mfupa haujaungana. Nacho chuma hakidumu peke yake. Mfupa usipoungana, huweza kukatika kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Ushahidi wa kuaminika kupita wote ulikuwa kumpasua mgonjwa upya na kutazama. Fikiri, upasuaji wa kuuliza swali tu!

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye, kwa maoni yangu, sisi Waafrika tunamtaja kidogo mno. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alifundisha fizikia Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilihitaji mwanafizikia wa kusimamia vitu vyenye mnururisho, akawa anakwenda siku moja na nusu kwa juma. Huko akajiuliza: miali ikipitishwa mwilini kutoka pande nyingi, je, hesabu haziwezi kueleza kilichomo ndani? Alichapisha majibu mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali.

Uingereza, Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI alifika palepale bila kumjua. Jaribio lake la mwanzo lilichukua siku 9 kukusanya vipimo vya picha moja. Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa katika hospitali ya Atkinson Morley, London. (Watu hupenda kusema ni fedha za sahani za Beatles zilizoizaa mashine hiyo, serikali ya Uingereza nayo ilitoa fedha nyingi.) Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Mashine za mwili mzima zilifuata katikati ya miaka ya 1970. CT-Scan huukata mwili kwa picha, kama mkate wa boflo, bila kisu, na kompyuta huzipanga silesi hizo upya ili mgongo uonekane kutoka ubavuni au mbele. Daktari hutafuta nyuzi za mfupa zinazovuka kutoka pingili hadi pingili pasipo mstari mweusi wa kuzikatiza. Hutazama pia kandokando ya skrubu: utando mweusi ukiizunguka, huenda imelegea. Chuma bado huchafua picha kwa michirizi, na miali yake ni mingi kuliko ya eksirei ya kawaida, kwa hiyo haipigwi ovyo.

Tena wapo ambao picha inaonyesha hawajaungana, nao wanatembea bila maumivu. Hao mara nyingi hawarudishwi kwenye chumba cha upasuaji.