Mgomo wa San Francisco na Kuzaliwa kwa Taaluma Mpya, 1968–1969

Ilimu nyingi ziingiazo vyuoni huingizwa na maprofesa. Hii iliingizwa na wanafunzi, tena kwa mgomo. Tarehe 6 Novemba 1968 wanafunzi Weusi wa chuo cha San Francisco State, Marekani, waliyahama madarasa, wakiungwa mkono na wenzao wenye asili ya Asia, ya Meksiko na ya wenyeji wa kale wa Amerika. Sababu ya karibu ilikuwa kusimamishwa kazi kwa George Murray, mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa pia kiongozi katika chama cha Black Panther. Sababu ya mbali ilikuwa masomo yenyewe, ambamo wazazi wao walitajwa kama watumwa au vibarua, ikiwa walitajwa. Wakatoa madai 15, mojawapo likiwa idara zao wenyewe.

Kulifasiri jina la taaluma hiyo kuwa “mafunzo ya ukabila” ni kulipotosha, kwani kwa wasemaji wa Kiswahili ukabila ni lawama. Yafaa isemwe kuwa ni taaluma ya jamii zilizobaguliwa, ikiandikwa na jamii hizo zenyewe.

Rais wa chuo, Robert Smith, alijiuzulu mwezi huohuo, na mahali pake pakashikwa na S. I. Hayakawa, mtaalamu mashuhuri wa semantiki. Tarehe 2 Desemba Hayakawa alipanda juu ya lori la wagomaji akazing’oa nyaya za vipaza sauti. Wanaisimu hawana budi kulikumbuka tendo hilo: bingwa wa maana za maneno aliona heri kuyakatiza. Mwaka 1981, akiwa seneta, ndiye aliyependekeza Katiba ya Marekani irekebishwe ili Kiingereza kiwe lugha rasmi.

Mgomo ulikwisha Machi 1969, na msimu wa vuli taaluma hiyo ikapata skuli yake chuoni. Lakini Nathan Hare, mwanasosholojia aliyeajiriwa mwaka 1968 kuandaa mafunzo ya Weusi, hakurudishwa kazini. Aliyepika hakupakua.

Kiswahili nacho kilifaidika, kwani idara nyingi za mafunzo ya Weusi zilizozuka Marekani zilikichagua kuwa lugha yao ya Kiafrika. Wakosoaji walidai kwamba mababu wa Wamarekani Weusi walitoka zaidi Afrika ya Magharibi na pande za Kongo na Angola. Kihistoria hoja hiyo ni sahihi, ila imelenga pasipo shabaha. Wanafunzi hawakutafuta lugha ya babu, ambayo aghalabu hawakuweza kuijua. Walitafuta lugha ya Kiafrika isiyokuwa mali ya kabila moja. Ndiyo sifa iliyoifaa Tanzania pia.

Siku 13 kabla ya mgomo huo, tarehe 24 Oktoba 1968, James Ngugi (baadaye Ngũgĩ wa Thiong’o), Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza iondolewe. Hawakugoma, wala hawakuomba chumba cha pembeni: walitaka Afrika iwe kitovu, na fasihi nyingine zitazamwe kutoka hapo. Waraka ulizaa mageuzi, na Nairobi ikapata Idara ya Fasihi. San Francisco skuli mpya ilijengwa kando, na Idara ya Kiingereza ikabaki palepale ilipokuwa.