Tunduma katika Vita Baridi

Tunduma ni mji wa mpakani mkoani Songwe, Tanzania, unaotazamana na Nakonde ya Zambia.

Ushindani wa mataifa makubwa baada ya Vita Kuu ya Pili ulifika hapa kwa sababu ya shaba. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia, ambayo shaba yake ilipitia huko, ilihitaji njia nyingine ya kwenda baharini. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikuwa zimeshaona kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. Marais Nyerere wa Tanzania na Kaunda wa Zambia wakaigeukia China, nchi ambayo yenyewe ilikuwa maskini wakati huo, na mkataba ukatiwa saini Beijing Septemba 1967. China ilitoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza 1970, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ikakabidhiwa 1976.

Marekani nayo haikukaa kando: iligharimia sehemu kubwa ya barabara kuu inayopita Tunduma pia. Bomba la mafuta, lililojengwa na Waitalia, lilikuwa limetangulia mwaka 1968. Wapinzani walioshindania Tunduma wakaiachia reli na lami; si kila uwanja wa Vita Baridi uliambulia hivyo.

Leo shaba nyingi huvuka Tunduma kwa malori.