Kizazi cha Dozi Moja

Januari 1875, meli ya kivita ya Uingereza, Dido, ilitia nanga Levuka, Fiji, ikimrudisha chifu mkuu Cakobau aliyekuwa ameambukizwa surua ziarani Sydney. Machifu waliokuja kumlaki wakaondoka na ugonjwa. Katika miezi michache watu wapatao 40,000 walikufa, wazee kwa watoto, kwani wenyeji wa visiwa hivyo hawakuwa na kinga.

Daktari Peter Panum alikuwa ameshaona upande wa pili wa ugonjwa huo huko visiwa vya Faroe. Surua ya 1846 iliwaangusha watu zaidi ya 6,000 kati ya takriban 7,800, lakini wazee walioiugua mwaka 1781 haikuwagusa. Kinga yao ilikuwa imedumu miaka 65. Kwa sababu hiyo, hadi leo Australia huwahesabu waliozaliwa kabla ya 1966 kuwa wamekingika: utotoni mwao surua ilimpitia karibu kila mtu.

Chanjo ilipoanza kutolewa nchini humo mwishoni mwa miaka ya 1960, watoto walipewa dozi moja tu. Kirusi cha chanjo kimedhoofishwa, hivyo kingamwili zake huwa chache kuliko za aliyeugua akapona, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Hata hivyo, chembe za kumbukumbu hubaki mwilini na huamka haraka kirusi kikiingia. Pengo kubwa zaidi ni la watoto wapatao 5 katika kila 100 ambao dozi ya kwanza haiwajengei kinga kabisa. Hao ndio wanaookolewa na dozi ya pili.

Dozi hiyo ilianza miaka ya 1990, na kampeni ya 1998 ikawachanja wanafunzi wa shule za msingi zaidi ya milioni 1.3. Wengi waliokwisha kumaliza shule wakabaki na dozi moja.

Mwaka 2014 Australia ilitangazwa kuwa imetokomeza surua, lakini wasafiri bado huingia nayo Sydney. Suala la dozi moja linatuhusu pia sisi tuliokulia Afrika Mashariki: dozi ya pili ilianza Kenya mwaka 2013 na Tanzania 2014, kwa hiyo watu wazima wengi tulichanjwa mara moja tu, tukiwa na miezi 9. Asiye na uhakika amwone daktari. Dozi ya ziada haimdhuru mwenye kinga, ila mjamzito asubiri hadi ajifungue.