Senti ya tundu ya 1936 haikufanyi milionea, lakini usiisugue

Wasee, nimeona video kibao zinasema ukiwa na senti ya tundu ya 1936 umeomoka. Hebu tuongee ukweli, maana huku Samburu wazee wetu wanazo kwenye mikebe, na kuna watu wanapita wakizinunua kwa bei ya chapati.

Mwaka 1936 mfalme George V alifariki Januari, akaingia Edward VIII, na Desemba akaachia kiti ili amuoe Wallis Simpson. Uingereza, sarafu zenye uso wake hazikuwahi kuingia sokoni. Zetu ziliingia! Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zina tundu katikati, kwa hiyo hakuna nafasi ya kichwa cha mtu. Kuna taji na jina tu, upande wa pili pembe mbili za ndovu. Zikachapwa mapema, zikatumika huku kwetu. Mfalme hata hakuvikwa taji, lakini babu zetu walinunulia chumvi kwa jina lake.

Sasa, zilichapwa nyingi sana. Ndiyo maana nyingi ni za bei ya chini. Kinachotofautisha moja na nyingine ni hali yake.

Kuipima nyumbani si kazi. Ishike kwa ukingo, isogeze dirishani, iinamishe polepole ili mwanga upite juu yake. Anza na taji: vile vinundu vyake vinaonekana au vimelainika kama sabuni ya juzi? Halafu angalia mistari ya pembe, kisha herufi. Wakusanyaji wana kipimo cha 1 hadi 70, alichokianzisha Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Ya mkebeni, iliyozunguka sokoni miaka na miaka, usitegemee ikaribie 70.

Na tafadhali, ndimu na majivu weka mbali. Najua nyanya ataona ile rangi ya kahawia ni uchafu. Si uchafu bana, ni ngozi ya shaba iliyojijenga kwa miaka karibu 90. Ukiisugua inang'aa kama kijiko kipya, na mnunuzi anayejua ataigundua mara moja na kushusha bei. Ile ya kijani inayomeng'enyeka ndiyo mbaya, na hiyo pia usiikwangue kwa kisu.

Kabla mzee hajauza, msomee mwaka na jina la mfalme, umpigie picha pande zote mbili. Akitaka kubaki nayo, mwachie.