KETE: FEDHA ILIYOTOKA MWAMBANI



Tunapotimiza miaka kumi ya kuweka hisa, tumeona tukumbushane habari ya kete. Huyu ni konokono mdogo wa baharini. Hujificha chini ya mawe mwambani, na maji ya bamvua yakitoka ndipo tunamwona.

Zamani gamba lake lilikuwa fedha. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, walinunua kete Zanzibar wakazipeleka kwa meli Afrika Magharibi kununulia mafuta ya mawese. Walipeleka nyingi mno! Thamani ikaporomoka, mwenye magunia akawa kama hana kitu. Huko Uganda, serikali ya kikoloni iliacha kuzipokea kwa kodi mwaka 1901. Lakini hadi leo Waganda fedha wanaiita ensimbi, yaani kete.

Basi gamba lilipoteza thamani, ila mwamba haukupoteza. Hisa za wengi wetu zinatoka hapo hapo, kwa pweza na chaza. Na tusifichane jamani: siku za shida, marejesho ya mkopo yakitukaba, tumevunja matumbawe kwa vyuma tukimtafuta pweza, na mawe tukayaacha chali. Chini ya jiwe kuna mayai na wadogo wao. Likiachwa juani wanakufa.

Sanduku letu lina kufuli tatu. Mwamba hauna hata moja, kufuli yake ni sisi. Ukilipindua jiwe, lirudishe.

Kidumu kikundi chetu!